Akina Hansen si ukoo mmoja

Kuna maoni yaliyoenea kuhusu majina ya Skandinavia, na wanaoyashika si wajinga. Yanasema kwamba jina la ukoo la Mdenishi au Mnorwe ni hati ya nasaba. Ukijua maana ya jina, umemjua babu wa kwanza. Ukimjua babu, umejua damu ya wote wanaolibeba. Hansen maana yake ni mwana wa Hans. Basi palikuwa na Hans, pengine Viking mwenye shoka na jahazi, na akina Hansen wote wa leo, wawe Copenhagen, Oslo au Minnesota, ni wazao wake. Zipo ngao za rangi zinazouzwa kwa jina la "ukoo wa Hansen", na wapo wanaozinunua na kuzitundika sebuleni.

Kwetu maoni haya yamefika yakiwa na nyongeza: kwamba wenzetu wana majina ya ukoo yenye umri wa miaka elfu, ilhali sisi, tunaotajwa kwa jina la baba na la babu, jina linabadilika kila kizazi kwa kuwa hatujawahi kujipanga.

Nayakataa yote mawili. Nitalitumia jina hilohilo la Hansen kwa sababu ndilo linalotajwa zaidi kama mfano, na kwa sababu ni la watu wengi mno: Norwe ndilo jina la ukoo linaloongoza, likiwa na watu takriban 50,000, na Denmark wanaolibeba ni karibu 200,000. Hata Afrika Mashariki wahudumu wa afya wanalijua. Ukoma huitwa pia ugonjwa wa Hansen, kutokana na Gerhard Armauer Hansen, daktari wa mji wa Bergen aliyegundua bakteria wake mwaka 1873.

Wenye maoni haya hawakuyaokota barabarani, na ni haki kulisema hilo mapema. Kiambishi "-sen" kweli kilimaanisha mwana. Mtu aliyeandikwa Peder Hansen katika kijiji cha Denmark mwaka 1700 alikuwa mtoto wa mtu aliyeitwa Hans, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Pia zipo familia za makabaila ambazo jina lao limerithiwa bila kukatika kwa karne tano. Ukichukua ukweli wa Peder wa mwaka 1700, ukauchanganya na ukweli wa kabaila, unapata maoni ninayoyapinga. Kosa liko katika kuchanganya huko.

1. Hans yupi?

Mfumo wa zamani ulikwenda hivi. Niels ana mtoto, anamwita Hans. Mtoto huyo ni Hans Nielsen. Hans akipata mtoto akamwita Peder, huyo ni Peder Hansen. Mtoto wa Peder akiitwa Niels, ni Niels Pedersen. Vizazi vitatu, majina matatu, damu ileile. Hansen lilidumu kwa mtu mmoja na ndugu zake wa kiume, likazikwa pamoja nao. Halikuwa jina la ukoo. Lilijibu swali moja tu: huyu ni mtoto wa nani?

Iliyoligeuza kuwa la kurithiwa ni serikali. Denmark ilitoa amri tarehe 30 Mei 1828 kwamba mtoto abatizwe kwa jina lake binafsi pamoja na jina la ukoo atakalolitumia tangu hapo. Wachungaji wa vijijini waliielewa amri hiyo kila mmoja kwa namna yake. Wengine walimpa mtoto jina la pili la baba, wengine wakaendelea kulitengeneza kutokana na jina la kwanza la baba kama mababu walivyofanya, na mwaka 1856 serikali ikalazimika kutoa ufafanuzi. Norwe ilichelewa zaidi. Sheria iliyomtaka kila mtu awe na jina la ukoo la kudumu ilipitishwa Februari 1923, wakati magari yalikuwa tayari barabarani.

Kwa hiyo, ukimuuliza Hansen wa Jutland wa leo kuhusu Hans wake, mara nyingi jibu sahihi ni mkulima aliyezaliwa kati ya mwaka 1770 na 1830, ambaye mtoto wake alikutwa na karani au mchungaji wakati jina lilipokuwa linagandishwa. Lingegandishwa kizazi kimoja kabla, familia nzima ingeitwa Nielsen. Kizazi kimoja baadaye, Pedersen. Kinachoitwa mzizi wa ukoo ni tarehe ya utekelezaji wa amri.

2. Hakuna Viking aliyeitwa Hans

Hapa sitakaa sana. Hans ni ufupisho wa Johannes, jina la Biblia, lenye asili ya Kiebrania, lililopita katika Kigiriki na Kilatini kabla ya kufupishwa na wasemaji wa Kijerumani. Liliingia kaskazini pamoja na kanisa na wafanyabiashara, likashamiri mwishoni mwa zama za kati. Mfalme Hans alitawala Denmark kuanzia mwaka 1481 hadi 1513. Waviking waliitwa Harald, Svein, Knut, Gorm. Anayemtafuta Viking ndani ya jina Hansen anamtafuta mahali ambapo hangeweza kuwapo, na jina lenyewe ndilo linalomkanusha.

3. Jina moja halimaanishi damu moja

Kati ya mwaka 1993 na 2011 Denmark iliongozwa na mawaziri wakuu watatu waliofuatana: Poul Nyrup Rasmussen, Anders Fogh Rasmussen na Lars Løkke Rasmussen. Msomaji wa mbali angedhani ni utawala wa ukoo. Hawana undugu. Wadenishi wenyewe huwataja kwa jina la katikati, Nyrup, Fogh na Løkke, kwa sababu Rasmussen halimtambulishi mtu. Daktari wa Bergen naye alijulikana kama Armauer Hansen kwa sababu hiyohiyo. Katika nchi ambako akina Hansen ni wengi kiasi hicho, jina hilo peke yake limeshindwa kazi ya msingi ya jina, yaani kumtenga mtu na wengine.

Kinyume chake ni kweli pia, na Norwe ndiyo inayokionyesha vizuri zaidi. Huko mtu alikuwa na jina lake, la baba yake, kisha la shamba analoishi. Ole Hansen Haugen alikuwa Ole, mtoto wa Hans, wa shamba la Haugen, yaani penye kilima. Akihamia shamba la Bakken, lenye mteremko, aliandikwa Ole Hansen Bakken. Hakuwa amejikana, wala hakumdanganya mtu; shamba lilikuwa anwani. Katika daftari za kanisa unamfuata mtu yuleyule akibatizwa kwa shamba moja, akifunga ndoa kwa la pili, akizikwa kwa la tatu.

Sheria ilipotaka jina moja la kudumu, ndugu wa tumbo moja waliweza kujiandikisha tofauti: mmoja Hansen, mwingine Haugen, mwingine Bakken. Na aliyejiita Haugen hakuwa lazima mwenye Haugen. Walikuwapo wakulima wasio na ardhi, walioitwa "husmenn", waliopewa kibanda na kipande cha shamba kwa masharti ya kumfanyia kazi mwenye shamba, na wao pia walitajwa kwa jina la shamba hilo. Wajukuu wa tajiri na wajukuu wa kibarua wake wanaweza leo kuwa na jina moja. Anayetafsiri Haugen na kutangaza kwamba mababu walimiliki kilima anamwondoa kibarua katika historia yake mwenyewe, na kumpa mwajiri nafasi ya babu.

Watetezi wa jina hupenda sana majina haya ya ardhi, wakisema yana uzito kuliko "-sen". Lakini mara nyingi ni majina ya kujichagulia. Emil Nolde, mchoraji mashuhuri, alizaliwa mwaka 1867 akiitwa Hans Emil Hansen. Mwaka 1902, akiwa mtu mzima, alilichukua jina la kijiji alikozaliwa, Nolde, na kuliacha Hansen. Mwandishi Knut Hamsun, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1920, alizaliwa Knud Pedersen. Jina lake linatokana na shamba la Hamsund huko Hamarøy, ambako familia yake ilihamia akiwa mtoto mdogo. Wote wawili waliihusudu ardhi na damu kiasi cha kuiunga mkono siasa ya Manazi, na wote wawili walibeba jina la ardhi walilojichagulia ukubwani. Denmark, ikiona kero ya "-sen" zisizohesabika, ilitunga sheria mwaka 1904 kurahisisha ubadilishaji wa jina. Matokeo yake ni kwamba jina linalosikika kuwa la kale mara nyingi ndilo jipya kuliko yote.

4. Binti aliyegeuzwa mwana

Hoja hii ndiyo inayonikera kuliko zote, na wenye maoni hayo hawaigusi kabisa.

Dada yake Peder Hansen hakuitwa Hansen. Aliitwa Maren Hansdatter, binti wa Hans, na aliitwa hivyo mpaka kufa. Akiolewa na Ole Pedersen alibaki Hansdatter, kwa sababu ndoa haikumbadilisha kuwa mtoto wa mtu mwingine. Fungua daftari la ubatizo la parokia yoyote ya Denmark ya karne ya 19. Tangu mwaka 1814 lilikuwa na safu zilizochapwa tayari, likiandikwa nakala mbili: moja kwa mchungaji, nyingine kwa karani wa kanisa, na ilikatazwa nakala zote mbili kulala chini ya paa moja usiku, kwa hofu ya moto. Kwenye safu ya wazazi utamkuta baba na jina lake, na mama na jina la baba yake. Mama ana nasaba yake kamili pale karatasini.

Jina la kudumu lilipokuja, lilichagua upande. Hansdatter lilitoweka na Hansen likabaki, na msichana akaandikwa mwana wa Hans. Norwe, kwa sheria hiyohiyo ya mwaka 1923, ikamwamuru mke achukue jina la mume. Haki ya kubaki na lake ilirudi mwaka 1964. Leo utasikia ikisemwa, hata kwenye harusi za watu wetu walioko Oslo, kwamba kuchukua jina la mume ni mila ya kale ya huko. Kwa mke wa kijijini Norwe, hiyo ilikuwa amri iliyodumu miaka 41. Mila ya kale ilikuwa kubaki binti wa baba yako.

Iceland haikufuata njia hiyo. Iliyapiga marufuku majina mapya ya ukoo mwaka 1925, na mfumo wa jina la baba unaendelea. Vigdís Finnbogadóttir, binti wa Finnbogi, alichaguliwa kuwa rais mwaka 1980 akibeba jina lenye ukweli kamili ndani yake. Ukitaka kujua maana ya jina la Skandinavia bila kubahatisha, nenda huko. Na huko, mara nyingi, hutakuta jina la ukoo.

5. Wazao wasiotajwa

Tuseme tukubali, kwa ajili ya hoja tu, kwamba "-sen" ni hati ya damu ya kaskazini. Basi twende St. Croix, kisiwa cha Karibi. Denmark ilikalia visiwa vya St. Thomas kuanzia mwaka 1672, St. John 1718, na ikainunua St. Croix kutoka Ufaransa mwaka 1733. Waafrika waliosafirishwa huko kwa meli waliandikwa kwenye orodha za mashamba ya miwa kwa jina moja, mara nyingi walilopewa na mwenye shamba. Tarehe 3 Julai 1848 watumwa wa St. Croix walijikomboa kwa kuandamana hadi mjini Frederiksted, na gavana Peter von Scholten akatangaza uhuru. Mwaka 1917 Denmark iliviuza visiwa hivyo kwa Marekani kwa dola milioni 25. Majina ya Kidenishi yalibaki, Petersen likiwamo. Kamusi itakuambia kuwa Petersen ni mwana wa Peter. Haitakuambia kuwa Peter huyo aliweza kuwa baba mzazi, mwenye shamba, au jina lililookotwa tu kwa sababu karani alitaka la pili.

Pwani ya Ghana hali ni hiyo kwa sura nyingine. Denmark ilikuwa na ngome ya Christiansborg mjini Accra mpaka ilipoiuza kwa Waingereza mwaka 1850, na wafanyabiashara wake walizaa na wanawake wa kabila la Ga. Carl Christian Reindorf, aliyechapisha historia ya Gold Coast na Asante mwaka 1895, alikuwa mjukuu wa mfanyabiashara Mdenishi. Spika wa kwanza wa Bunge la Ghana huru alikuwa Emmanuel Charles Quist, na Quist ni jina la Kidenishi lenye maana ya tawi. Ukoo wa Quist wa Accra haujui tawi lolote la msituni huko Denmark, na hauhitaji kulijua.

Greenland nako, Wainuit walimpa mtoto jina la marehemu wa karibuni, bila kutenganisha majina ya kiume na ya kike, na jina hilo lilimrudisha marehemu kwenye mazungumzo ya nyumba. Mmisheni Hans Egede alifika mwaka 1721. Baada ya ubatizo yalikuja majina ya Biblia kwa sura ya Kidenishi, na jina la baba likageuka la ukoo. Waziri mkuu wa Greenland aliyeingia madarakani mwaka 2025 anaitwa Jens-Frederik Nielsen.

Sioni jinsi mtu anavyoweza kuyaweka mambo haya mezani na bado akasema jina ni damu. Ama akina Petersen wa St. Croix wamo katika huo ukoo mkubwa, na picha ya Viking inaanguka. Ama hawamo, na jina si ushahidi wa ukoo. Hakuna njia ya tatu.

6. Ngao ya mtu asiye na ruhusa ya kutembea

Ngao zina historia yake, nayo ni ya watu wachache. Mwaka 1526 mfalme Frederik I aliwaagiza makabaila wa Denmark wachukue majina ya kudumu. Wengi waliyatoa kwenye ngao walizokuwa nazo tayari: Gyldenstierne, nyota ya dhahabu, walikuwa na nyota. Kwao picha ilitangulia, jina likafuata, na ngao ilikuwa mali ya familia hiyo pekee.

Hans wa akina Hansen hakuwa na ngao. Wengi wa akina Hans ambao majina yao yaligandishwa baada ya mwaka 1828 walizaliwa, au baba zao walizaliwa, chini ya "stavnsbånd", sheria ya mwaka 1733 iliyomfunga mwanamume wa kijijini kwenye milki alikozaliwa. Hakuruhusiwa kuondoka bila idhini ya bwana wa milki, na bwana huyo ndiye aliyeamua nani aende jeshini. Sheria hiyo ilianza kuondolewa mwaka 1788, ikaisha kabisa mwaka 1800. Anayetundika ngao ya kubuni kwa jina la Hans anamvika mkulima huyo mavazi ya bwana aliyemfunga. Kitu chenye thamani katika maisha ya Hans, kwamba kizazi chake kilipata kutembea huru, hakionekani tena popote kwenye ukuta huo.

7. Deni tunalolipa sisi

Nirudi kwenye ile nyongeza. Mtoto anaitwa Asha Juma Hamisi. Baba yake ni Juma Hamisi Salum. Kwenye fomu za Skandinavia jina la mwisho huwekwa kama jina la ukoo, basi mtoto anakuwa Hamisi na baba anakuwa Salum. Kuanzia hapo, shuleni, kliniki na uwanja wa ndege, familia inaulizwa kwa nini baba na mtoto hawana jina moja. Wapo wazazi wanaoliona swali hilo kama aibu, wakabadilisha majina ya watoto ili wafanane na majirani wenye mpangilio.

Mpangilio huo, kwa mtu wa kijijini Norwe, haujatimiza miaka 110. Babu wa babu wa karani anayeuliza aliitwa Peder Hansen, na baba yake Peder aliitwa Hans Nielsen, wakaishi nyumba moja na hakuna aliyetilia shaka kuwa ni baba na mwana. Asha Juma Hamisi anataja vizazi vitatu kwa usahihi. Hansen wa leo hataji hata kimoja.

Na nchi zenyewe zimeanza kuurudia mfumo wa zamani. Uswidi iliruhusu tena jina la baba au la mama liwe jina la ukoo mwaka 1982, Norwe kwa sheria ya mwaka 2002, Denmark kwa sheria ya mwaka 2005. Binti wa Hans anaweza tena kuandikwa Hansdatter mjini Copenhagen, na mtoto wa kiume wa Maren anaweza kuandikwa Marensøn. Mzazi mwenye Asha mkononi ana haki ya kuiulizia sheria hiyo kabla ya kusaini fomu.